Posa Katika Uwanja wa Makaripio

Kaeni kitako, na kama chai ipo imiminwe, maana habari za mbali hazisimuliwi kwa pupa.

Alikuwapo Pangani mtu mmoja akiitwa Mbaruku Shehoza, na kazi yake ilikuwa ushenga. Alichukua maneno ya watu wenye haya akayafikisha kwa watu wenye kiburi. Katika posa zote alizopeleka maishani mwake, hakuna hata moja iliyorudi na jibu la hapana. Nyingine zilirudi na jibu la "ngojeni kwanza", lakini hiyo si hapana, hiyo ni ndiyo inayojikokota. Alikuwa na ulimi mlaini ajabu. Watu walisema Mbaruku akikuomba jicho, utamuuliza anataka la kulia au la kushoto.

Sasa mpwa wake Twaibu alimpenda binti aitwaye Salha, aliyekuja Pangani kusomea uuguzi, akamaliza, akarudi kwao Pendwani. Na Pendwani, kwa asiyejua, ni nchi iliyopendwa na wageni kuliko nchi zote. Ina fukwe, ina milima, ina vichochoro vya mawe, na kila kimoja kimeshapigwa picha mpaka kimechujuka. Salha akaleta salamu: kuna tajiri anamposa, na mama yake amesema Ijumaa ikifika bila watu wa Twaibu kuonekana nyumbani kwake, wakaketi, wakasema lao, basi atampa jibu huyo tajiri. Twaibu akakosa usingizi, akakosa chakula, mwishowe akakosa haya, akaja kumlilia mjomba wake. Mbaruku akapiga kanzu pasi.

Safari yenyewe naiacha. Aliyesafiri anaijua, na asiyesafiri haimhusu. Itoshe kusema kwamba Jumatano asubuhi Mbaruku alikuwa mbele ya lango la Pendwani, mkono mmoja doti ya kanga, mkono mwingine boksi la halua, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi.

Langoni alikaa afisa mpana, mwenye macho ya mtu aliyechoka, jina lake Pandu.

"Umekuja kuona nini?" aliuliza Pandu.

"Sikuja kuona kitu, mwanangu. Nimekuja kwa watu."

"Watu pia tunao. Wanaonekana kuanzia saa tatu mpaka saa kumi. Wakiwa wanakula, wanaonekana kwa tiketi ya pekee."

"Nimekuja kwa Bi Mwanamize, mama yake Salha."

Pandu akakaa sawa kitini. "Si ungesema mapema! Kila mtu anakuja kwa Bi Mwanamize. Foleni yake iko Uwanja wa Makaripio, kesho baada ya adhuhuri."

"Makaripio? Mimi naleta posa."

Afisa akajikuna kichwa. Akaeleza kwa upole kwamba Pendwani inatambua wageni wa aina mbili tu, wageni wa kuona na wageni wa kutubu. Wa kuona hupita kushoto, wa kutubu hupita kulia. Mzee ni wa upande gani?

"Mimi ni mgeni wa mtu," alisema Mbaruku.

"Mgeni wa mtu," Pandu alirudia, na uso wake ukalainika. "Walikuwapo zamani. Babu yangu alikuwa nao, walikuwa wakija na kuku."

Hapo akashtuka, akatazama huku na huku, akasimama ghafla akapiga kelele: "Na hiyo kanzu inafagia barabara yetu! Huna haya? Kwenu hakuna vumbi mpaka uje kuchukua letu?" Kisha akainama na kunong'ona: "Nisamehe, mzee wangu. Ni sheria. Mwenyeji akisema na mgeni lazima amkaripie, nami nimekusemesha vizuri muda mrefu. Mkaguzi angepita ningefukuzwa kazi."

Akaichukua halua, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kumpa mwenyeji kitu kitamu, akamwachia kanga kwa sababu hakukuta kifungu cha kanga. Juu ya hayo akamsomea Sheria ya Vizingiti: mguu wa mgeni usivuke kizingiti cha nyumba ya mwenyeji, kwa hali yoyote ile.

Akampitisha kulia, na Mbaruku akasimama ng'ambo ya lango akiwa hajui acheke au alie. Atapelekaje posa nyumbani kwa watu ambako haruhusiwi kuingia?

Alipata chumba katika nyumba ya wageni yenye jina la ndege. Mhudumu alimbwagia sahani ya wali mezani na kufoka, "Kula uondoke!" Mbaruku akala, na wali ulikuwa mzuri hasa. Mhudumu akarudi, akajifanya anafuta meza, akauliza chinichini, "Chumvi imetosha, baba?" Akaambiwa imetosha. Akafurahi, kisha akakumbuka, akagonga meza kwa kitambaa na kuondoka amenuna. Baadaye Mbaruku alikuja kujua kwamba watu wa Pendwani kwa asili ni wapole mno, na serikali imelazimika kufungua madarasa ya ukali kila jioni, tena wengi wanafeli.

Meza ya pili alikaa mgeni mwembamba wa kutoka nchi za baridi, aitwaye Henriki, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi ila kilikuwa na huzuni. Huyu ndiye aliyemweleza Mbaruku mambo yalivyofika hapo.

Zamani, alisema Henriki, watu wa Pendwani waliamini kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akaja, mwenyeji akaugua. Wageni walisema jogoo wanawika mapema, jogoo wakafungiwa mpaka saa mbili. Wageni walisema barabara zina watoto wengi, watoto wakapangiwa zamu. Mgeni mmoja alisema machweo yanawahi kabla hajamaliza chakula, na baraza la mji likakutana siku mbili kutafuta la kufanya. Wenyeji walitoa viti, wakatoa vitanda, wakatoa vyumba, wakajikuta wanalala kwenye baraza za nyumba zao wenyewe wakitabasamu.

"Sisi tulidhani wanafurahi," alisema Henriki. "Walikuwa wakitabasamu sana."

Mpaka siku moja Bi Mwanamize alirudi kutoka kisimani akakuta wageni wamo jikoni mwake, wamefunua chungu, wanaonja mchuzi, na mmoja anasema umepungua chumvi. Bi Mwanamize akaweka ndoo chini. Akawakaripia tangu adhuhuri mpaka jua likapoa. Aliwaambia yote ambayo nchi nzima ilikuwa imeyameza. Wageni walilia. Majirani walijificha kwa aibu, wakijua sasa nchi imeharibika, wageni hawatarudi tena.

Kesho yake wageni walirudi. Walikuja na rafiki zao.

"Nilikuwapo," alisema Henriki, akitazama sahani yake. "Mimi ndiye niliyesema habari ya chumvi. Bwana Mbaruku, kwetu hakuna anayetukaripia. Mama zetu wamekufa, jirani hatujuani, wakubwa wa kazi wanatutumia ujumbe wa adabu. Siku ile nilijiona mtu. Tangu hapo nakuja kila mwaka."

Serikali ya Pendwani nayo, ilipoona ukali wa Bi Mwanamize, ilidhani imepata dawa ya kuwafukuza wageni, ikaunda Wizara ya Kuchosha Wageni. Ukali ukawa sheria, Bi Mwanamize akapewa uwanja. Na wageni, badala ya kupungua, wakafurika.

Mbaruku alisikiliza yote, akaona ya Mungu mengi. Lakini moyo wake ulikuwa kwa Twaibu, na kesho ilikuwa Alhamisi.

Asubuhi alikwenda wizarani kuomba ruhusa ya kuvuka kizingiti kimoja tu. Akaambiwa Waziri Daruweshi yuko barazani anajadili, basi na aingie akae nyuma, asipendezwe na chochote. Akaingia.

Waziri alikuwa amesimama na uso wa kufiwa. "Waheshimiwa," alisema, "mwaka huu tumewatukana vizuri kuliko mwaka wa jana. Tumewauzia maji ya moto kwenye jua. Tumewaonyesha njia zisizo sahihi. Na wameongezeka! Hitimisho ni moja tu: hatujawachosha vya kutosha."

Akasimama mjumbe mnene, mwenye koti la hariri, aitwaye Feruzi, mwenye nyumba za wageni kila mtaa. Yeye alipendekeza makaripio yagawanywe madaraja matatu: karipio la kawaida, karipio la kunyooshewa kidole, na karipio la familia nzima ambalo mgeni anaulizwa amelelewa na nani. Alisema hilo la tatu tayari lina waombaji mpaka mwakani.

Akasimama Bi Shemsa, kiongozi wa chama cha Wapole. "Mimi nasema tuwakaribishe," alisema. "Tuwabebee mizigo, tuwaulize hali za watoto wao, tuwapishe mbele. Nani duniani anasafiri mbali kote huko aje kubebewa mzigo? Watakimbia."

"Lakini hivyo ndivyo tulivyofanya zamani," alisema mtu kutoka kona, "na ndivyo walivyojaa."

Waziri akaliandika hilo, maana kweli ilikuwa hivyo.

"Basi tusiwakaripie wala tusiwakaribishe," alisema mwingine. "Tuwanyamazie tu. Tupite kama hatuwaoni."

"Ukimya nao una wateja," alisema Feruzi. "Nina kiwanja mlimani, kimya kabisa. Nimeshaanza kujenga."

Mbaruku alipopewa nafasi alisimama, akasalimia kwa ile sauti yake laini, akaeleza shida yake: kijana, binti, mama, Ijumaa. Alieleza vizuri mpaka Bi Shemsa akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Waziri alitikisa kichwa.

"Mgeni aingie nyumba ya Bi Mwanamize? Mzee, jiko lile ni urithi wa taifa. Ndipo karipio la kwanza lilipotolewa!"

"Na litahifadhiwa," alidakia Feruzi akitabasamu. "Namwoa binti wa nyumba ile. Jiko nitalizungushia vioo, watu watazame kwa nje. Mama mwenyewe atakuwa ndani, amesimama palepale karibu na chungu."

Hapo ndipo Mbaruku alipomjua tajiri wa posa. Twaibu alimtaka Salha kwa kuwa akicheka hufunika mdomo na akikasirika hafuniki chochote, na huyu bwana alitaka chungu. Kuna watu wana moyo wa kuhesabia vyumba tu.

"Njia halali ya kusema na Bi Mwanamize ni moja," Waziri alihitimisha. "Foleni. Na atakukaripia, nawe utashukuru. Ndiyo sheria, kifungu cha kwanza: mgeni akikaripiwa hushukuru."

Uwanja wa Makaripio ulikuwa na ngazi za mawe pande zote, na siku hiyo hapakuwa na pa kutia mguu. Wageni walikaa na kofia zao na vitambaa vya machozi. Katikati palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda mwanamke mdogo wa umbo, kanga kiunoni, sauti ya kufika ng'ambo ya pili. Pembeni alisimama Afisa Pandu na kipenga, kazi yake kukipuliza kama mama atalegea. Nyuma ya mama yake alisimama Salha, ameshika gilasi ya maji. Alipomwona Mbaruku kwenye foleni, gilasi ilimponyoka kidogo akaiwahi.

Mbele ya Mbaruku alikuwa Henriki.

"Wewe tena!" alianza Bi Mwanamize. "Mwaka jana nilikwambia umpigie dada yako simu. Umempigia?"

"Bado, mama."

"Bado! Unavuka bahari na mawingu kuja kunikodolea macho mimi, dada yako wa tumbo moja yuko mtaa wa pili huna habari naye! Mtu mzima na mvi zako! Atakufa, utakwenda kumlilia nani? Utakuja kulia hapa? Hapa hatuzikani!"

"Asante, mama. Nimekosa," alisema Henriki, machozi yanamtiririka, uso umeng'aa. Watu wakapiga makofi. Mbaruku aligundua kwamba mama alipokwisha kufoka alimfuata Henriki kwa macho mpaka akakaa, na hayo macho hayakuwa makali hata kidogo. Lakini foleni haikungoja. Zamu ikawa yake.

Mbaruku akasogea. Akaweka kanga miguuni pa mama yule, akakohoa, akaanza kama alivyozoea maisha yake yote.

"Bi mkubwa, nimetoka Pangani. Kijana wetu Twaibu amepita kwenu, akaona waridi limechanua ndani ya ua wenu. Nasi kwa heshima na unyenyekevu tumekuja kuomba, kama waridi hilo halina mwenyewe, tulichume."

Bi Mwanamize alimtazama kuanzia kofia mpaka kanzu, na Mbaruku akajua ameeleweka. Kisha mama akasimama, jambo ambalo, alivyosema Henriki baadaye, halikuwahi kutokea.

"Mchume!" alisema. "Kila anayekuja hapa ana cha kuchuma! Walikuja wakataka picha ya mlango wangu, nikawapa. Wakataka kivuli cha ukuta wangu, wakakaa. Mchuzi wangu hawakuuliza, walifunua wenyewe! Nilikuwa na majirani. Bi Raya kahama, nyumba yake sasa ni ya wageni, inaitwa Kozi. Wana wa Jecha wamehama, nyumba yao inaitwa Chiriku. Jioni nikigonga ukuta kuomba chumvi, anatoka mtu na kamera. Nimebaki na mtoto mmoja. Mtoto mmoja! Nawe umepiga pasi, umetia manukato, umekuja na maneno ya maua, unamtaka huyohuyo. Hamshibi? Ondoka mbele yangu!"

Sauti yake ilipasuka pale mwisho, na haikuwa ya onyesho. Wageni walilia kwa kwikwi. Makofi yalidumu mpaka njiwa wakaruka juu ya mapaa. Pandu akamwashiria Mbaruku kwa kidole: sasa shukuru, uinamishe kichwa, upite. Na Mbaruku alijua akisema tu "asante, nimekosa", posa imekufa, ya kwanza kumfia mikononi, na Salha atakwenda kuishi nyuma ya vioo.

Neno asante lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini jua lilikuwa kali, mgongo ulimuuma, halua yake imeliwa na watu wa lango, na tangu jana hakuna aliyemuuliza hata umeamkaje. Mbaruku Shehoza, ambaye hakuwahi kuinua sauti hata kwa mbuzi, aliinua kichwa.

"Sishukuru!" alisema.

Makofi yakakatika.

"Sishukuru, na sijakosa! Mchuzi wako mimi nimeuonja lini? Pangani hata mwizi akikamatwa hupewa maji kwanza, ndipo aulizwe. Unanipigia hesabu za walioingia jikoni kwako! Mwanao alipokuja kwetu kusoma alikaa wapi? Alikaa kwa dada yangu Tunu. Homa ilipomshika, Tunu alilala sakafuni, mwanao akalala kitandani. Alipofaulu, mtaa mzima ulipika. Nani alimwonesha kidole? Nani alimwambia ondoka? Tumekaa naye, tumemrudisha mzima, ana cheti na ana unene! Leo unatuita wachumaji! Sisi tumelimwagilia hilo waridi, bibi wee!"

Pandu alikuwa na kipenga mdomoni, lakini hakujua ampigie nani. Mgeni mmoja wa ngazi ya chini aliuliza kwa sauti ndogo kama hii nayo imo katika onyesho.

Bi Mwanamize aliweka mikono kiunoni. "Huyo Tunu," alisema polepole, "ndiye aliyemfundisha mwanangu kukamulia ndimu kwenye maharage?"

"Ndiye."

"Basi mwambie kaniharibia mtoto! Maharage hayatiwi ndimu!"

"Yanatiwa!"

"Hayatiwi! Yanakuwa magumu!"

"Yanakuwa magumu ukitia kabla hayajaiva! Unatia mwisho! Hujui kupika, ndiyo maana hata chumvi—"

"Nani hajui kupika?" alipiga kelele Bi Mwanamize, na Salha akafunika mdomo.

Wakaingia kwenye maharage wakazama. Kutoka maharage walikwenda kwenye nazi, kama tui la kwanza linatiwa mwanzo au mwisho. Kutoka nazi walirudi kwa Twaibu, kwa nini ana miaka hiyo na hajajenga, na Mbaruku akauliza kama Bi Mwanamize alipoolewa mumewe alikuwa amejenga, na mama akasema ya mumewe yaachwe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi. Wageni waligeuza vichwa huku na huku. Walijaribu kulia ikashindikana, kwa sababu hakuna aliyekuwa akisema habari zao. Mmoja akapiga mwayo. Wawili wakachukua kofia. Baada ya muda ngazi ya juu ilikuwa tupu, kisha ya katikati. Waziri Daruweshi, aliyekuwa akipita, alisimama ameduwaa akiwatazama wageni wanaondoka kwa kuchoka, kwa mara ya kwanza tangu wizara ianzishwe, akawa hajui aandike sababu gani.

Feruzi akaja mbio, koti linapepea. "Afisa! Mgeni amemjibu mwenyeji hadharani! Mkamate!"

Pandu akatoa kipenga mdomoni, akafikiri. Alikuwa mtu wa sheria, na alijua kifungu cha kwanza kwa moyo.

"Mgeni akikaripiwa hushukuru," alisema. "Huyu hakushukuru. Basi huyu si mgeni."

"Kama si mgeni ni nani?"

Pandu aliwasikiliza wale wawili, ambao walikuwa wamerudi tena kwenye ndimu. "Mimi nina wakwe, mheshimiwa," alisema. "Hao ni wakwe."

Na kwa kuwa Sheria ya Vizingiti ilitaja mguu wa mgeni tu, hapakuwa na kifungu cha kumzuia mkwe. Jioni ile Mbaruku alivua viatu mlangoni kwa Bi Mwanamize, akavuka. Mama aliyekuwa ametangulia aligeuka kusema neno, likakwama. Alikuwa hajalitumia siku nyingi. Akatazama sakafu, akajaribu tena.

"Karibu," alisema.

Mbaruku aliitikia, "Starehe," akakaa mkekani, akapewa maji, akaulizwa habari ya safari, ya Pangani, ya mvua, ya Tunu na goti lake. Akajibu moja moja. Hakuwahi kufikiri kwamba maswali hayo ni kitu ambacho mtu anaweza kukikosa. Salha alipoulizwa mbele ya mjomba mtu, alisema jibu lake mama analijua tangu mwaka jana, labda amesahau kwa kelele za kazini. Feruzi alitumiwa salamu kwamba jiko bado linatumika.

"Mahari atataja Salha mwenyewe," alisema Bi Mwanamize, akichochea moto. "Mimi nataka mkaja wangu, haki ya mama."

"Utaje, tuusikie."

Akasukuma kuni ndani, amempa Mbaruku mgongo.

"Miaka yote hii nimesema na watu," alisema. "Maelfu ya watu. Hakuna hata mmoja aliyenijibu. Nikisema wanalia, nikimaliza wanashukuru, wanakwenda zao. Nimekuwa redio. Na Salha akiondoka nyumba hii itakuwa kimya kabisa. Mkaja wangu ni huu: kila mwaka mje, wewe na huyo Tunu wako, mkae humu ndani, mnibishie."

Katika posa, mama akitaja mkaja, mshenga huinamisha kichwa akasema tumekubali, na yeye alikuwa amelisema neno hilo katika nyumba zisizo na idadi, kwa sauti ile iliyompatia sifa. Lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Akalimeza.

"Kila mwaka?" alisema kwa ukali wote aliokuwa nao. "Umetuona hatuna kazi? Wewe ndiye utakayekuja Pangani."

"Siji!"

"Utakuja."

"Siji, nimeshasema!" alisema Bi Mwanamize, akifuta macho kwa kanga mpya, na huku anampakulia. "Siji ng'o!"